Mzizi wa Nyanya

Januari 2008, fujo za uchaguzi zilipotufikia kule Busia, nyanya yangu aliacha hata sufuria. Alibeba mkebe wa mahindi ya mbegu, na ndani yake kipande cha mzizi kinachonuka kama dawa ya kuchua. Nilikuwa mtoto, nikadhani amechanganyikiwa.

Mti wenyewe Wateso wanauita eliloi, wanasayansi Securidaca longepedunculata. Ni kichaka au mti mdogo, maua yake ya zambarau yananukia, na kila mbegu ina bawa la kurushwa na upepo. Harufu ya mzizi ni methili salisileti, ile ile iliyo kwenye dawa za misuli. Fukusi hawaitaki, watafiti waliipima Ghana wakakuta hivyo. Lakini mzizi huo ni sumu, unaweza kuua mtu. Ndiyo maana nyanya aliuweka kwenye mbegu za kupanda tu. Kwenye chakula, hapana.

Sisi hatukuwa wenyeji wa Busia. Nyanya alikuja kuuza nguo, na jirani yake Mteso ndiye alimfundisha mambo ya mzizi. Jirani huyo alikuwa na ndugu Tororo pia. Mpaka uliwakuta hapo hapo: mwaka 1902 Waingereza waliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia upande wa Kenya, na Wateso wakabaki huku na huku.

Tulivuka, tukalala Mulanda, Tororo, pamoja na Wakenya wengine, kisha tukaletwa Kiryandongo. Nyanya alipopata shamba alifungua mkebe. Hakuna punje iliyotobolewa. Alisema, "Busia ndiyo ilinifukuza, na Busia ndiyo ilinipa huu mzizi. Yote mawili myakumbuke."

Sasa vijana wa kikundi changu wananiuliza wachimbe wapi. Nawaambia, mkikata mizizi yote mti umekwisha, na mbegu zake si rahisi kuota. Mwaka huu tumepanda kumi na mbili kwenye vifuko; zimeota nne. Tumeziwekea kivuli, mbali na watoto.

Ndugu zetu wa mashirika, miche yenu tunaipokea, asanteni. Ila siku moja mtuulize pia tulikuja tumebeba nini.