Genosha iko karibu na kwetu: X-Men katika katuni nne, 1992 hadi 2024



Wengi wetu tulijuana na X-Men kwa televisheni, si kwa vitabu. Wolverine na makucha yake, Cyclops na macho ya moto, Storm na nywele nyeupe anaita mvua. Na ubishi wa watu wa rika letu ni ule ule siku zote: desen anime gani njo ilikuwa nzuri zaidi? Ile ya 1992, ya 2000, ya 2009, ao hii ya 2024? Mmoja anasifu muziki, mwingine michoro, mwingine mapigano.

Leo naomba tuzipime kwa kipimo kingine. Hawa X-Men wana vitu viwili vilivyochukuliwa upande wetu wa dunia: mtu mmoja na kisiwa kimoja. Mtu ni Storm. Kisiwa ni Genosha. Tuulize: kila katuni ilivifanya nini vitu hivyo viwili? Na sisi wa Lubumbashi vinatuhusu nini?

1. MTU NA KISIWA

X-Men walianza mwaka 1963 katika vitabu vya picha vya kampuni ya Marvel, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Ni mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, na watu wa kawaida wanawaogopa. Vijana watano wa kwanza walikuwa Wamarekani weupe wote. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum waliunda kikosi kipya cha watu wa nchi mbalimbali, na humo njo akatokea Ororo Munroe, jina la kazi Storm. Hadithi yake inasema mama alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Kenya, baba mpiga picha Mmarekani. Wazazi walifia Cairo, mtoto akaishi kwa wizi mitaani, halafu akatembea kwa miguu mpaka Kenya, ambako watu walimwabudu kama mungu wa mvua.

Tukumbuke kwamba ile 1975 Kenya ilikuwa na miaka 12 ya uhuru. Nairobi ilikuwa na inivasite, magazeti na mabishano ya bunge. Hayo yote hayakuingia kitabuni. Kilichoingia ni nyika na watu waliopiga magoti.

Genosha ilikuja mwaka 1988, kwa mkono wa mwandishi Chris Claremont na mchoraji Rick Leonardi. Ni nchi ya kubuni, kisiwa katika Bahari ya Hindi, upande wa Madagaska na Shelisheli. Ni nchi tajiri, safi, yenye hospitali nzuri. Lakini utajiri wote unatoka kwa mutanti waliofanywa watumwa. Kijana akionekana ana nguvu, serikali inamchukua kwa wazazi, inamwondoa akili na jina, inampa namba, inamtuma kazi. Mwaka ule apartheid ilikuwa bado inatawala Afrika Kusini, na wasomaji hawakuhitaji kuelezwa mfano ulilenga nani.

Kwa hiyo Genosha ilizaliwa kama hadithi ya kazi iliyoibwa, katika bahari yetu. Tushike maneno mawili haya, kazi na bahari, halafu tuangalie katuni.

2. KATUNI NNE

Ya kwanza, 1992 hadi 1997, vipande 76. Genosha inaingia mapema, Februari 1993, katika kipande kinachoitwa "Slave Island", yaani kisiwa cha utumwa. Storm, Gambit na Jubilee wanaenda kupumzika kwenye kisiwa kinachojitangaza kwamba mutanti wanakaribishwa. Wanakamatwa. Wanafungwa kola shingoni, nguvu zinazimwa, wanapelekwa pamoja na wengine kujenga barage. Umeme wa ile barage utaendesha kiwanda cha Sentinels, yale maroboti yanayowinda mutanti. Kwa hiyo watumwa wanajenga kwa mikono yao kitu kitakachowamaliza wenyewe. Kwa katuni ya watoto ya Jumamosi asubuhi, hiyo ni fikra nzito. Kazi ilibaki. Bahari ilipotea: unaona joto, hoteli na minazi, lakini hakuna kinachokuambia uko karibu na Madagaska. Ingeweza kuwa Karibe.

Ya pili, X-Men: Evolution, 2000 hadi 2003, vipande 52. Hapa X-Men ni wanafunzi, na Storm ni mwalimu wao. Wakampa mtoto wa dada yake, Spyke, aliyebuniwa kwa ajili ya katuni hiyo. Hilo lilikuwa jambo zuri: Storm hatimaye ana jamaa. Lakini Afrika ilipokuja kumtafuta, katika kipande cha "African Storm", ilikuja kama mchawi mwenye fimbo, jina lake Hungan. Jina hilo ni cheo cha padri wa Vodou wa Haiti! Walihitaji Mwafrika wa upande wa Kenya, wakachukua neno la Karibe, na wakaona inatosha.

Ya tatu, Wolverine and the X-Men, 2009, vipande 26 tu kabla ya kusimama. Hapa Genosha imegeuka. Siyo tena nchi ya watumwa. Ni nchi ya mutanti, na anayetawala ni Magneto. Anapokea wakimbizi, anawapa makao, na chini yake kuna gereza. Mpigania haki amekuwa mwenye nchi. Sisi tuliosoma shule chini ya picha ya Mobutu ao tuliolelewa na wale waliosoma hivyo, somo hili halituhitaji mwalimu. Lakini swali la kazi limetoka kabisa. Nani analima? Nani anajenga? Katuni haiulizi. Na Storm, kipande chake kikubwa ni kile roho mbaya Shadow King anaingia kichwani mwake na dhoruba yake inatishia Afrika nzima. Tena Afrika ni mahali pa kuokolewa.

Ya nne, X-Men '97, ilianza Machi 2024 kama mwendelezo wa ile ya 1992, na sauti ya Storm ni ile ile ya Alison Sealy-Smith. Kipande cha tano kilitoka Aprili 10, na kichwa chake kwa lugha yetu ni "Ikumbuke". Genosha imekubaliwa na Umoja wa Mataifa. Ni taifa. Kuna karamu, watu wanacheza, wale waliokuwa watumwa sasa wana bendera. Usiku ule ule roboti kubwa yenye vichwa vitatu inashuka na kuua watu kwa maelfu. Gambit, aliyefungwa kola pale pale mwaka 1993, anafia pale. Storm hayupo. Alikwisha kupoteza nguvu zake na kuondoka. Mwanamke pekee wa kikosi mwenye damu ya pwani ile hakuwepo siku kisiwa kilipokufa.

3. KILE TUNACHOKIJUA SISI

Kuna mtu atasema: lakini ni katuni tu, mukubwa. Ndiyo. Lakini angalia vitu ambavyo wabunifu wa Marekani walivitafuta ili kuchora nchi ya kuogofya: namba badala ya jina, chuma shingoni, barage, hospitali nzuri karibu na kambi. Hakuna hata kimoja ambacho upande wetu haukukiona.

Bahari ile ina visiwa vya kweli. Mauritius na Réunion zilikuwa za miwa, Zanzibar na Pemba za karafuu, na waliolima wengi walikuwa watumwa waliopitishwa Kilwa na bandari nyingine kutoka bara. Njia zile zilifika mpaka Katanga: Msiri wa Bunkeya, aliyekuja kutoka Unyamwezi, alifanya biashara ya shaba, pembe na watu mpaka alipouawa Desemba 1891. Kiswahili tunachosema nacho kilitembea kwenye barabara hizo hizo kabla ya kuwa lugha ya kambi za kazi.

Kenya, nchi ya mama ya Storm, kuanzia mwaka 1920 hivi kila mwanaume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikivaa shingoni. Ukikutwa huna, unafungwa. Waandishi wa 1993 walichora kola. Hawakuhitaji kubuni sana.

Na hapa kwetu? Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na nyuma yake ikaja ofisi ya kutafuta wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga. Watu waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi. Ukiandikwa kazi, unapata namba, ile matrikile ambayo wazee wanaikumbuka bila kusoma popote. Mwaka 1930 barage ya Mwadingusha ikaanza kutoa umeme kwenye mto Lufira, umeme wa kuyeyusha shaba. Ziwa Tshangalele, ambako leo watu wanavua samaki, ni maji ya barage ile.

Tuseme haki yote. Kampuni haikuwa Genosha ya kwenye picha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliruhusu na kuhimiza wafanyakazi kukaa na familia, ikajenga nyumba, hospitali na shule, ikatoa posho. Wazee wengi wanaisifu mpaka leo, na hawasemi uongo. Lakini njo pale mfano unauma: Genosha nayo ilikuwa na hospitali nzuri. Usafi wa mji haujibu swali la nani alilipwa nini.

Swali hilo waliliuliza wenyewe Desemba 1941. Wakati wa vita shaba ilihitajika sana na maisha yalipanda bei. Wafanyakazi wa Élisabethville wakagoma wakidai mshahara. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakapiga risasi. Makumi wakafa. Kati yao ni Léonard Mpoyi, karani, aliyesimama kusema kwa niaba ya wenzake.

Na ile karamu ya uhuru ya X-Men '97? Juni 30, 1960 tulicheza. Julai 11 Katanga ikajitenga. Januari 17, 1961 ndege ilitua hapa hapa Luano na Lumumba, Mpolo na Okito ndani, wamefungwa, wamepigwa. Askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Sweden walikuwa uwanjani, wakaona. Usiku ule wote watatu wakauawa. Katuni inasema kutambuliwa na Umoja wa Mataifa hakukuiokoa Genosha. Mtu wa Luano hashangai.

4. SASA TUPIME

Kwa kipimo cha kazi, ya 1992 njo inashinda, juu inaonyesha watumwa wakifanya kitu, siyo kulia tu. Kwa kipimo cha utawala, ya 2009. Kwa kipimo cha taifa na kifo chake, ya 2024 haina mwenzake. Ya 2000 nzuri kwa mambo ya shule, lakini kwetu inabaki nyuma kabisa. Na kwa kipimo cha bahari, zote nne zimeanguka. Kisiwa kiliwekwa karibu nasi, halafu miaka 30 nzima hakuna aliyekumbuka kuweka watu wetu juu yake.

Siwalaumu sana. Wao wanasimulia ya kwao, na mutanti ni njia yao ya kusema ubaguzi wa Marekani. Swali ni sisi. Majirani wameanza: Julai 2023 Netflix ilitoa Supa Team 4, kazi ya Malenga Mulendema wa Zambia, wasichana wanne wanaolinda Lusaka ya kesho pamoja na Mama K, mpelelezi mstaafu. Kikosi cha mashujaa, siku moja ya barabara kutoka hapa! Na Kongo haikuwa nyuma kwa ujuzi. Jean-Michel Kibushi alitoa filamu yake ya kwanza ya katuni mwaka 1991, na mwaka 1992 akafuatisha na nyingine juu ya uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991, akitumia michoro ya watoto walioyaona. Hakungoja Marvel. Alichukua jambo lililotokea mbele ya mlango wake.

Katika Genosha kila mtumwa alikuwa na namba na hakuna aliyejua jina lake. Wa uwanja wa 1941 tunaye Mpoyi. Wengine je? Ni nani kati yetu anayeweza kutaja watatu? Siku mtoto wa Luano atakapotaka kuchora hadithi ile, roboti atabuni mwenyewe, lakini majina hawezi kubuni.

Kwa hiyo wenye nkambo, baba ao mjomba aliyefanya kazi Union Minière ao Gécamines, muulizeni akiwa bado yupo: jina kamili, kambi gani, mwaka gani aliandikwa, alitoka kijiji gani, matrikile yake ilikuwa ngapi. Muandike hapa chini. Tuanze na majina, namba zitafuata.