Mwezi, Jua na Siku za Kufunga za Watamili

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Leo twasoma historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kuhesabu siku.

Nyote mwajua mambo yanavyokuwa Ramadhani inapokaribia. Watu hutoka nje kutazama mwezi. Huyu asema umeandama, yule asema bado, na mji huu hufunga leo hali mji ule wangoja kesho. Jambo hilo si mchezo, maana mtu aliyekusudia kufunga hapendi siku impite. Basi, ng'ambo ya bahari yetu, India ya kusini, wako watu wenye mashaka hayo mara kadhaa kila mwezi. Hao ni Watamili. Kwao hasa ni jimbo la Tamil Nadu, ambalo mji wake mkuu ni Chennai, ulioitwa Madras mpaka mwaka 1996. Tena wako Sri Lanka, kaskazini na mashariki. Wengine walichukuliwa kufanya kazi za mashamba Malaysia, Mauritius na Natal. Meli ya kwanza ya vibarua wa India kufika Durban, mwaka 1860, ilitoka Madras. Wengi wa Watamili ni Wahindu. Lakini msiwachanganye na Wahindu wengi mnaowaona katika miji yetu. Hao asili yao ni Gujarat, na kalenda yao ni nyingine.

Sasa andikeni hesabu hii. Toka mwezi kuandama hata kuandama tena ni siku 29 na nusu hivi. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354. Mwaka wa jua ni siku 365 na robo hivi. Tofauti yake ni siku 11. Ndiyo sababu Ramadhani hutembea: miaka hii huja wakati wa mvua, miaka ile wakati wa kiangazi. Wazee wa pwani walikuwa na hesabu mbili mbalimbali. Mwezi ulikuwa wa ibada. Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, ulikuwa wa kulima na kusafiri baharini, nao waliugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Watu wa Makunduchi, Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa mpaka leo.

Watamili walifanya namna nyingine. Walizifunga hesabu mbili pamoja. Miezi yao 12 ni ya jua. Mwezi wa kwanza, Chittirai, huanza jua linapoingia buruji ya Hamali, karibu na 14 Aprili. Kila buruji ni mwezi mmoja, na kwa kuwa mwendo wa jua si ule ule mwaka mzima, mwezi mmoja huwa na siku 29 na mwingine 32. Lakini siku ya mfungo yenyewe hutafutwa kwa mwezi wa mbinguni. Fikirini nyumba yenye vyumba 12. Vyumba vimejengwa na jua, havihami. Mwezi ni mgeni apitaye chumba kwa chumba. Mtamili huuliza: mgeni akiwa katika chumba hiki, amesimama wapi?

Kwa mfano, mwezi wa Thai huanza katikati ya Januari. Katika mwezi huo, siku ambayo mwezi wa mbinguni uko penye nyota ziitwazo Pusam, ndiyo sikukuu ya Thaipusam, ya mungu Murugan. Watu walioweka nadhiri hufunga siku nyingi kwanza, kisha huenda kwa miguu mpaka hekalu lake lililo juu ya kilima cha Palani. Hubeba mabegani mti uliopindwa na kupambwa, uitwao kavadi, na wengine hubeba vyungu vya maziwa. Sikukuu hii haitembei kama Ramadhani. Husogea mbele na nyuma kidogo, lakini haitoki nje ya chumba chake.

Mifungo mingine huja kila mwezi. Siku ya 11 ya mwezi kukua, na ya 11 ya mwezi kupungua, huitwa Ekadasi. Wamchao Vishnu hawali wali siku hiyo, na wengine hawali kitu kabisa mpaka asubuhi ya pili. Ekadasi iliyo kubwa kupita zote huja katika mwezi wa Margazhi, Desemba na Januari. Siku hiyo katika hekalu la Srirangam hufunguliwa mlango wa pekee kabla ya mapambazuko, na watu hupita humo kwa maelfu. Jioni ya siku ya 13, jua linapotua, ni Pradosham, ibada ya Shiva. Siku ya giza, mwezi usipoonekana, ni Amavasai. Hapo mtu aliyefiwa na baba huwatolea wazee wake maji na ufuta. Mwenye kukosea siku hiyo huona amemwacha baba yake bila kitu.

Mtasema, kuhesabu mpaka 11 kuna kazi gani? Kazi iko. Siku ya mwezi, ambayo huitwa tithi, si ya saa 24. Huweza kuwa ya saa 20 tu, tena huweza kupita saa 26. Haingoji alfajiri ili ianze. Huweza kuanza mchana, au usiku wa manane. Wahindu huanza siku jua linapochomoza, si magharibi kama ilivyo desturi yetu ya pwani. Kwa hiyo kanuni yao ya kawaida ni kutazama tithi iliyopo jua likichomoza. Lakini madhehebu hayakubaliani juu ya Ekadasi iliyoanza kwa kuchelewa, na mara nyingine jirani wawili hufunga siku mbili mbalimbali.

Hesabu hiyo ilifanywa na nani zamani? Hapa pana habari inayonipendeza sana. Mnamo mwaka 1825 John Warren, mtu wa jeshi la Waingereza, alikutana huko Pondicherry na Mtamili mmoja mtengeneza kalenda. Mtu huyu hakuandika tarakimu hata moja. Alipanga simbi chini, kama mtu achezaye bao, akazisogeza huku na huku. Tarakimu zilikuwa kichwani mwake, zimefichwa ndani ya maneno aliyoyahifadhi, silabi na maana yake. Kwa simbi hizo alitabiri kupatwa kwa mwezi usiku wa 31 Mei kuamkia 1 Juni 1825. Alikosea dakika 4 tu kwa mwanzo wake, 23 kwa katikati, na 52 kwa mwisho. Kalenda za namna yake huitwa Vakyam, yaani sentensi. Ziko bado, nazo hushindana na kalenda za namna mpya, zinazofuata vipimo vya wanafalaki wa leo. Mahekalu mengine hufuata zile, mengine hizi.

Baadaye serikali nayo iliingia. Mwaka 1952 serikali ya India iliweka kamati chini ya mwanasayansi Meghnad Saha. Kamati ilikusanya kalenda 30 za nchi ile moja. Iliona pia kwamba mwaka mpya wa kale, uliokusudiwa kuangukia siku ya mchana na usiku kuwa sawa, yaani 21 Machi hivi, ulikuwa umeteleza siku 23. Kalenda mpya ya taifa ilianza 22 Machi 1957, na serikali huitumia katika karatasi zake. Mahekalu ya Watamili hayakuhamisha sikukuu.

Ubishi mkubwa ulikuja mwaka 2008. Serikali ya Tamil Nadu, chini ya M. Karunanidhi, ilitunga sheria kwamba mwaka mpya ni 1 Thai, siku ya Pongal, sikukuu ya mavuno, wala si 1 Chittirai. Walioitaka sheria hiyo walisema kwamba majina ya miaka ya Chittirai, ambayo ni 60 na hurudi mwanzo yakiisha, ni ya Kisanskrit na si ya Kitamili. Walioikataa walisema hapana serikali iwezayo kuwahamishia watu mwaka wao. Mimi naona kila upande ulikuwa na neno lake. Lakini sheria ile haikuweza kuvuka bahari: Watamili wa Sri Lanka waliendelea na Aprili yao. Uchaguzi wa mwaka 2011 ulimwondoa Karunanidhi, akaja J. Jayalalithaa, na Agosti ya mwaka huo huo sheria ikafutwa. Mwaka mpya ukarudi Aprili.

Kazi ya juma hili: tangu mwezi utakapoandama, kila jioni wekeni punje moja ya mahindi ndani ya kikombe, mpaka uandame tena. Kisha hesabuni punje, mkaandike jumla yake kwa tarakimu na kwa maneno.