AKIBA ILIYOMO NDANI YA NYANYA

Maelezo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa jeshi na polisi

Askari hufundishwa tangu siku za kwanza za mafunzo kwamba kikosi kisicho na akiba kimekwisha kushindwa kabla ya kupigana. Akiba ya risasi, ya maji na ya chakula huhesabiwa kila siku. Lakini nyuma ya nyumba nyingi za askari hukua mmea ambao akiba yake hutupwa jalalani pamoja na maganda. Mmea huo ni mnyanya. Historia yake yafaa kuangaliwa kwa makini, maana ni historia ya watu waliojitunzia mbegu, na pia ya watu waliowaachia wengine kazi hiyo.

Nyanya si mzaliwa wa Afrika. Jamaa zake za mwitu huota hata leo magharibi ya Amerika ya Kusini, hasa katika nchi za Peru na Ecuador, na matunda ya baadhi yao ni madogo kama njegere. Waliozikuza zikawa chakula kamili ni wakulima wa Mexico wa zama za kale. Hawakuwa na maabara wala vitabu vya sayansi ya mimea. Waliyachagua matunda yaliyowapendeza kuliko mengine, wakaziweka mbegu zake kwa msimu uliofuata, na watoto wao wakafanya vivyo hivyo. Wahispania waliuteka mji mkuu wa Waazteki, Tenochtitlan, mwaka 1521. Baadaye katika karne hiyo padre wa Kihispania, Bernardino de Sahagún, aliandika habari za masoko ya watu hao, akataja nyanya za namna na rangi nyingi. Silaha za wageni ziliivunja dola ile. Lakini mbegu zilizotokana na subira ya wakulima wake zilivuka bahari, na leo hakuna jeshi duniani ambalo jiko lake halizijui nyanya.

Huko Ulaya nyanya haikupokewa kwa shangwe. Mganga wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, aliiandika habari zake mwaka 1544, lakini kwa muda mrefu watu wengi waliiogopa kwa sababu ni jamaa ya mimea yenye sumu. Wengine waliipanda kwa ajili ya pambo tu. Tena mbegu zilizovuka bahari zilikuwa chache. Kwa hiyo nyanya za mashambani hubeba sehemu ndogo tu ya utajiri wa asili uliomo katika jamaa zake za mwitu. Ugonjwa mpya unapozuka, mara nyingi kinga yake haipatikani tena shambani. Hutafutwa katika vichaka vya Amerika ya Kusini.

Mfano mmoja watosha. Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea Hugh Iltis, akisafiri na mwenzake katika milima ya Peru, aliona kando ya njia mnyanya wa mwitu wenye vitunda vidogo visivyovutia. Waliviponda vile vitunda, wakazikausha mbegu zake baina ya magazeti, wakazituma kwa Charles Rick, bingwa wa nyanya katika Chuo Kikuu cha California. Rick alizichanganya na nyanya za shambani kwa miaka mingi, hata kufika mwaka 1980 akaeleza kwamba amepata nyanya zenye sukari zaidi na maji machache zaidi, jambo lenye faida kubwa kwa viwanda vya kusindika nyanya. Faida hiyo yote ilianza kwa mbegu zilizokaushwa juu ya karatasi safarini, kazi ambayo mama yeyote wa nyumbani anaiweza.

Katika nchi hiyo hiyo ya Marekani upo mfano wa ukoo mmoja. Familia ya Ott ilihama kutoka Bavaria, Ujerumani, mwaka 1883 ikaenda kukaa katika jimbo la Iowa. Katika mizigo yao zilikuwamo mbegu za nyanya. Zilipandwa, zikavunwa, zikawekwa tena, mpaka zikamfikia Diane Ott Whealy kutoka kwa babu yake. Mwaka 1975 yeye na mumewe Kent walianzisha chama cha watu wanaobadilishana mbegu za nyumbani, kiitwacho Seed Savers Exchange, na nyanya ile, German Pink, ikawa miongoni mwa mbegu zake za kwanza. Kutoka 1883 hadi 1975 ni miaka 92. Mnyanya haudumu shambani kama mkahawa; mbegu zake huchakaa, na lazima zipandwe upya kila baada ya miaka michache. Kizazi kimoja kingezembea, mlolongo ungekatika, na wala fedha zisingeweza kuuunga tena.

Katikati ya karne ya 20 yalikuja mabadiliko. Mwaka 1949 kampuni ya Burpee ya Marekani ilitoa nyanya chotara iliyoitwa Big Boy, na makampuni mengine yakaifuata njia hiyo. Chotara hupatikana kwa kuzaliana wazazi wawili wa namna mbalimbali. Mara nyingi huzaa sana, na baadhi yao hustahimili magonjwa yanayoua nyanya nyingine. Sifa hizo ni za kweli, wala mkulima anayenunua chotara hastahili kulaumiwa. Lakini mbegu za tunda la chotara hazifuati mzazi wao: huu hutoka mkubwa, ule mdogo, mwingine hauna ile kinga. Basi mwenye kupanda chotara hurudi dukani kila msimu. Asipojua tofauti hiyo, atajifunza kwa hasara.

Hapa Uganda somo la kutegemea duka lilikwisha kutolewa kwa uchungu. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka mengi yalikosa bidhaa. Sukari, chumvi na sabuni ziliadimika, na magendo yakashamiri. Katika hali kama hiyo pakiti ya mbegu kutoka ng'ambo ni ndoto, lakini mwenye mbegu katika kopo lake haulizi lori limefika au halijafika. Na hata maduka yanapojaa, wapo walaghai wanaouza mbegu bandia. Sheria ya Mbegu na Mimea ya mwaka 2006 iliwekwa ili kusimamia biashara hiyo, na polisi wanajua kwamba mlaghai wa mbegu humwibia mkulima mara mbili: kwanza fedha zake, kisha msimu wake.

Kujitunzia mbegu si kazi ngumu. Kwanza huchaguliwa mmea usio chotara. Moneymaker na Marglobe, zijulikanazo sana hapa nchini, ni za namna hiyo, na kwa kawaida ua la mnyanya hujichavushia lenyewe. Mmea wenyewe uwe na afya na kuzaa vizuri kuliko mingine, kwa sababu magonjwa mengine husafiri ndani ya mbegu. Ufungwe kitambaa, ili matunda yake yasichumwe kwa ajili ya mchuzi. Tunda likiiva kabisa hukamuliwa katika kikombe, likaachwa siku mbili au tatu hata lichachuke na ule ute unaozizunguka mbegu ulegee. Kisha huoshwa kwa maji mengi: nzima huzama, pepe huelea na kumwagwa. Mbegu huanikwa kivulini juu ya sahani. Zikianikwa juu ya karatasi hugandamana nayo. Zikikauka sawasawa hutiwa katika chombo kikavu kinachofungika, likaandikwa jina na mwaka. Mahali pakavu pasipo joto, zaweza kukaa miaka minne au zaidi.

Askari huhamishwa. Leo yuko Moroto, kesho Kasese, na siku moja atavua sare na kurudi nyumbani. Bustani hawezi kuihamisha, lakini mbegu zake hutosha katika mfuko wa shati. Familia inayojua kuzitunza haifiki kituo kipya mikono mitupu, wala haistaafu bila cha kupanda. Wakulima wa Mexico walipoteza mji na dola, lakini kazi ya mikono yao haikupotea, kwa sababu ilikuwa imefichwa ndani ya punje ndogo. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Basi na isitupwe.