Reli isiyo na maungio na kani ya joto

Kwa zaidi ya karne moja, abiria wa garimoshi walizoea mlio wa magurudumu yakigonga maungio ya reli. Mwanya mdogo ulioachwa kati ya pau mbili ulikipa chuma mahali pa kutanukia wakati wa joto. Ndivyo ilivyokuwa katika njia ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901. Hata hivyo, maungio hayo ndiyo yaliyokuwa sehemu dhaifu ya njia. Yalilegea, yalipasuka na kuhitaji kukaguliwa daima.

Njia za kisasa, ikiwemo ya SGR iliyofunguliwa baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, hutumia pau zilizochomelewa zikawa chuma kimoja kirefu. Mlio umekoma, joto halikukoma.

Kilomita moja ya chuma ikiongezeka joto kwa nyuzi 30 za Selsiasi hurefuka kwa takriban sentimita 34. Pau iliyofungwa barabara kwenye mataruma haina pa kurefukia, hivyo hujisukuma yenyewe kwa ndani. Kwa pau ya kilo 60 kwa kila mita, msukumo huo hukaribia uzito wa tani 55, na pau ni mbili. Isitoshe, chuma kilichoanikwa juani huweza kuwa moto kuliko hewa kwa nyuzi 20 hivi.

Ndiyo maana mafundi huteua halijoto ambayo pau haivutwi wala haisukumwi. Uingereza imeteua nyuzi 27. Penye jua kali zaidi kiwango hupandishwa. Pau ikilazwa wakati wa baridi, hufunguliwa vibanio, ikavutwa kwa mashine hadi urefu ambao ingeufikia katika halijoto hiyo, ndipo ichomelewe.

Taabu ni kwamba kiwango hicho hakidumu. Pau ikikatika wakati wa baridi, fundi mwenye haraka huziba pengo kwa kipande cha chuma na treni zikaendelea kupita. Kipande hicho ni chuma cha ziada, na deni lake hudaiwa msimu wa joto.

Kinachoizuia njia isipinde kando ni kokoto zilizojazwa kati ya mataruma na kwenye ncha zake. Ajabu ni kuwa kazi yenyewe ya kunyoosha njia na kushindilia kokoto upya huzilegeza. Hushikamana tena baada ya treni nyingi kupita polepole, au kwa mashine ya kuzitetemesha.

Aprili 18, 2002, garimoshi la Auto Train la shirika la Amtrak liliacha reli karibu na Crescent City, Florida. Watu wanne walifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani ilibaini kuwa njia ilipinda kwa joto kutokana na ukarabati duni: kona haikuwekwa sawa, njia haikushikiliwa vya kutosha, na halijoto teule ya pau haikurejeshwa.

Julai 19, 2022, joto lilipopita nyuzi 40 nchini Uingereza, safari kati ya London King's Cross na York zilisitishwa. Kwingineko treni ziliamriwa zipunguze kasi. Mwendo mdogo hauitikisi sana njia, na humpa dereva nafasi ya kusimama akiona pau zimejipinda mbele yake.