Kabati la jikoni kwenye ukuta wa jipsamu: Lishikwe na fremu, si bodi

Kabati la jikoni lililojaa unga, mafuta na vyombo laweza kufikia uzito wa mtu mzima. Kwenye ukuta wa mawe mzigo huo hauna taabu kubwa. Kwenye ukuta wa bodi za jipsamu, kosa dogo la fundi laweza kuliangusha kabati juu ya kichwa cha anayepika, au juu ya sufuria inayochemka.

Katika mji wa Litein na vijiji vya majani chai vya Kericho na Bomet, kuta za nyumba huwa za mawe, matofali, mbao au udongo. Jipsamu hutumiwa kwenye dari na kugawa vyumba. Hata hivyo, kanuni ya kuangika mzigo ni ile ile iliyo katika nyumba ya udongo: kinachobeba ni nguzo, udongo hufunika tu. Bodi ya jipsamu nayo ni kifuniko.

Ukuta ulivyo

Bodi ya kawaida ina unene wa milimita 12.5. Ni jasi iliyofunikwa kwa karatasi pande zote mbili, na hupigiliwa juu ya fremu ya mbao au ya mabati membamba. Nguzo za fremu hiyo huachana kwa sentimita 40 au 60, kutoka kati hadi kati. Baina yake ni uwazi mtupu, ndiyo sababu plagi ya plastiki iliyotengenezewa ukuta wa mawe haina cha kukamata.

Hesabu ya mzigo

Chukua mfano wa kabati lenye kina cha sentimita 30 na kimo cha sentimita 60. Lenyewe lina kilo 20. Likitiwa paketi kumi za unga za kilo mbili na vyombo vya kilo 20, jumla ni kilo 60. Uzito huo huelemea sentimita 15 mbele ya ukuta, na kabati hutaka kupinduka kwa kuegemea ukingo wake wa chini. Skurubu zilizofungwa sentimita 55 juu ya ukingo huo huvutwa nje kwa nguvu ya takriban kilo 16. Zikifungwa sentimita 10 tu kutoka chini, nguvu hiyo hufika kilo 90. Kwa hiyo skurubu kuu sharti ziwe juu.

Kutafuta nguzo

Fundi hugonga ukuta kwa kidole: penye uwazi hulia kama ngoma, penye nguzo sauti huwa nzito. Sumaku nayo hunata penye skurubu za bodi. Uthibitisho wa mwisho ni kutoboa tundu dogo mahali patakapofunikwa na kabati. Umeme uzimwe kwanza, na pasitobolewe juu au chini ya swichi na soketi, kwa kuwa nyaya hupita hapo.

Kufunga

Mstari wa kabati huchorwa kwa pimamaji. Aghalabu huachwa sentimita 45 hadi 50 kati ya meza ya jikoni na sehemu ya chini ya kabati. Ubao wa nyuma wa kabati ukiwa na milimita 18 na bodi milimita 12.5, skurubu ya milimita 75 itaingia kwenye nguzo kwa zaidi ya sentimita 4. Skurubu nyeusi za kufungia bodi hazifai, maana hukatika kwa urahisi zikibebeshwa mzigo mzito.

Nguzo zisipolingana na kabati, ubao mgumu hufungwa kwanza kwa kulala, ukikatiza nguzo mbili au zaidi, kisha kabati hufungwa juu yake. Fremu ikiwa ya mabati, dawa iliyo bora ni kutia vipande vya mbao ndani ya ukuta, kati ya nguzo na nguzo.

Anayejenga upya ana nafasi nzuri zaidi: aweke mbao hizo kabla bodi hazijapigiliwa, na apige picha ya fremu ili ajue zilipo. Mpangaji naye aombe idhini ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa.

Unyevu

Nyanda hizi hupata mvua nyingi, na jikoni huongeza mvuke. Jasi ikilowa hulainika na kupoteza nguvu. Paa au bomba linalovuja lirekebishwe kwanza, na bodi iliyovimba ibadilishwe.

Kazi ikiisha, kabati lijazwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, vitu vizito vikae rafu ya chini. Ufa ukionekana kati ya kabati na ukuta kwa juu, hata wa upana wa kucha, vitu vyote vitolewe na watoto wasipite hapo hadi skurubu zikaguliwe.