Kingamwili na Idadi ya Dozi: Jaribio la DoRIS Mwanza, 2017–2024

Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema kwa njia ya Kigongo alilazimika kusubiri kivuko. Tanzania ilipoanza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, kwa dozi mbili, mhudumu aliyevuka na kisanduku cha ubaridi alipaswa kurudi miezi sita baadaye kuwatafuta wasichana walewale, ambao wengine huenda walikwisha kuhama au kuacha shule. Kwa hiyo idadi ya dozi haikuwa suala la maabara peke yake.

Jaribio la DoRIS lilikwisha kuanza jijini Mwanza Februari 2017. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi sita: aina mbili za chanjo, kila moja kwa dozi moja, mbili au tatu. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miongo kujitokeza, na katika umri huo maambukizi yenyewe ni machache mno kuhesabiwa. Kilichobaki ni damu. Baada ya miezi 24, takribani wasichana wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya HPV aina ya 16, na asilimia 98 dhidi ya aina ya 18.

Hapa baadhi ya masimulizi ya ushindi huruka jambo. Viwango vya kingamwili vya dozi moja vilikuwa chini ya vile vya dozi mbili au tatu, na kwa aina ya 18 kigezo cha kutokuwa duni, kilichowekwa kabla ya jaribio, hakikufikiwa. Kwa takwimu za Mwanza peke yake, hoja ya dozi moja ingesimama kwa mguu mmoja.

Mguu wa pili ulitoka kwingine. Sampuli za Mwanza zililinganishwa na za wanawake wa Costa Rica na India waliopata dozi moja na ambao kinga yao dhidi ya maambukizi ilikuwa imeonekana. Viwango vya wasichana wa Mwanza havikuwa duni kuliko vya wanawake hao. Ng'ambo ya ziwa hilihili, Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vya jaribio la KEN SHE, lililochapishwa mwaka 2022, ambamo dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu kwa ufanisi wa asilimia 97.5 katika miezi 18. Watafiti huuita ulinganisho huu daraja la kingamwili. Mtu wa Kigongo hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Pasipo nguzo ya ng'ambo, kipimo hichohicho hupotosha. Chanjo ya norovirusi iitwayo HIL-214 iliamsha kingamwili kwa watoto wachanga, lakini mwaka 2024 jaribio la watoto wapatao 3,000 lilionyesha kwamba haikuwakinga dhidi ya ugonjwa wa kuhara na kutapika uliolengwa. Kingamwili zilikuwapo, kinga haikuwapo.

Aprili 2022 wataalamu washauri wa Shirika la Afya Duniani walikubali ratiba ya dozi moja au mbili, na Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mjini Mwanza, makundi ya dozi moja na mbili yaliendelea kutolewa damu hadi mwezi wa 60, kwa kuwa swali la muda wa kinga halikuweza kujibiwa kwa miezi 24.