Nani Anafunga Masomo, na Nani Anafungua?



Sisi watu wa Nyabiondo wengine tumerudi kutoka kambi, na wengine ni ndugu zetu waliopelekwa kuishi Marekani na Kanada. Hao wa mbali wametuletea neno ambalo huku halikujulikana: siku ya theluji. Alfajiri simu inalia, wazazi wanaambiwa leo hakuna masomo, barabara zimefunikwa. Kinachowashangaza si theluji. Ni kwamba kule kuna mtu anayejulikana ambaye kazi yake ni kukata neno hilo. Kwetu Masisi mashule yamefungwa mara nyingi sana. Basi tuulize: nani alikuwa anayafunga, na nani alikuwa anayafungua?

Tuanze kule. Marekani ina wilaya za mashule zaidi ya 13,000, na kila moja ina mkubwa wake. Usiku wa dhoruba, huyo mkubwa huamka kama saa kumi za alfajiri. Anaongea na watu wa hali ya hewa, na wale wanaosafisha barabara, na wale wa mabasi. Kabla ya kuche vizuri anatangaza: tunafunga, tunachelewa, au tunaenda kama kawaida. Akifunga bure, wazazi wanakosa kazi, na watoto waliotegemea chakula cha shule wanashinda njaa. Asipofunga, basi linaweza kuteleza na watoto ndani. Siku zilizopotea zinaandikwa, na mahali pengi zinafidiwa mbele ya mwaka kuisha.

Hata wao walijifunza kwa machozi. Tarehe 12 Januari 1888, katika nchi tambarare za Dakota na Nebraska, asubuhi ilikuwa na joto kidogo, watoto wakaenda shule bila makoti mazito. Mchana dhoruba ikashuka ghafla. Kila mwalimu alibaki peke yake na swali moja: niwashike hapa au niwaachie waende kwao? Hesabu inayotajwa sana ni watu 235 waliokufa, na wengi walikuwa watoto waliokuwa wanatoka shule. Hatari mbaya zaidi ni ile inayokuta watoto wamekwisha kuingia darasani. Jambo hilo wazazi wa Masisi wanalielewa bila kufasiriwa.

Kwetu hakuna theluji, kuna mvua. Mvua kubwa ni za Septemba mpaka Desemba, tena za Machi mpaka Mei, ndiyo kusema karibu mwaka mzima wa masomo. Ikipiga juu ya mabati, mwalimu anapiga kelele na hasikiki. Mto ukijaa, kilalo cha miti kinaondoka, na mtoto wa ng'ambo anabaki ng'ambo. Hapo hakuna barua wala komunike. Mzazi anatazama mlima, anamshika mtoto. Direkta anahesabu waliofika, anaamua kufundisha au kuwarudisha. Siku ile haiandikwi popote, na mwisho wa mwaka inaonekana kama masomo yalifanyika.

Kwenye karatasi mambo ni mengine. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilichukua mashule ya makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa yakatia sahihi mapatano: makanisa yasimamie mashule yao, serikali ilipe walimu na kutoa programu. Ndiyo sababu mpaka leo direkta wa shule ya Wakatoliki au ya Wabatisti wa CBCA ana wakubwa wa njia mbili. Upande mmoja ni koordinasio ya kanisa, upande mwingine ni sous-proved na Proved, na juu yao kuna wizara ya Kinshasa inayotoa kalenda. Wakubwa ni wengi, lakini kati yao hakuna anayeuona mto wetu asubuhi.

Kuna siku amri ilitoka juu na ikafika kweli. Nyiragongo ililipuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima akaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Watu mamia ya maelfu waliondoka siku ileile, na wengi walifika Sake, ndani ya Masisi yetu, wakalala katika mashule na makanisa. Angalieni jambo hili: amri ilikuwa ya Goma, lakini darasa la Sake linalolaza watu haliwezi kufundisha. Shule inayopokea wakimbizi nayo imefungwa, ijapokuwa hakuna aliyeitangaza. Kuhama kulichukua saa chache. Neno la kurudi polepole lilitoka tarehe 7 Juni, kwa kinywa cha Waziri Mkuu Sama Lukonde.

Mwaka uliotangulia, corona ilituonyesha jambo lilelile. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Tshisekedi alifunga mashule yote ya inchi kwa hotuba moja, akisema majuma mane. Madarasa ya mwisho yalirudi tarehe 10 Agosti. Wengine walingoja mpaka tarehe 12 Oktoba, karibu miezi saba. Desemba yakafungwa tena, mpaka tarehe 22 Februari 2021. Ndani ya muda ule kuna mabinti walioolewa na vijana waliokwenda machimboni, na shule ilipofunguliwa hawakurudi kukaa kwenye benchi. Kufunga kulihitaji hotuba moja, lakini kufungua kulihitaji mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba.

Vita havina hata hotuba. Desemba 2004, mapigano yalipoingia Nyabiondo kwenyewe, watu walikimbilia msitu. Hakuna aliyetia sahihi kufunga shule, kwa hiyo hakukuwa na wa kutia sahihi kuifungua. Januari 2025 ilikuwa vilevile kwa mkoa mzima: M23 waliingia Masisi-kati tarehe 4, na Goma ikaanguka mwishoni mwa mwezi. Februari ile UNICEF ilihesabu mashule na mahali pa kusomea zaidi ya 2,500 yaliyofungwa katika Kivu mbili, na watoto 795,000 nje ya masomo. Desemba walikuwa 465,000. Kongo ilikubali Tangazo la Mashule Salama mwaka 2016, linaloomba wenye silaha waache madarasa. Ni neno zuri, lakini haliwezi kupiga kengele asubuhi.

Historia hii inatufundisha nini sisi tuliorudi? Kwamba mwenye kufunga amepatikana kila mara: mvua, mlima, rais, bunduki. Mwenye kufungua ndiye aliyekosekana. Na Egzamen d'Etat haiulizi mtoto wa Nyabiondo alipoteza siku ngapi. Maswali ni yaleyale ya Kinshasa.

Kwa hiyo komite inaleta mambo matatu kwenye mkutano mkubwa. La kwanza: mbele ya Septemba, kila direkta akae na komite ya wazazi na shefu wa kijiji, wakubaliane nani anakata neno asubuhi, saa ngapi, na kwa alama gani, kengele ama simu. La pili: waandike nini kinafanyika kama hatari inakuta watoto ndani. Nani anabaki nao, nani anavusha wale wa ng'ambo, na mtoto anakabidhiwa nani. La tatu: kila shule iwe na daftari la siku zilizopotea, na siku yoyote ya kufunga iandikwe pamoja na tarehe ya kukutana tena kutazama kama tunaweza kufungua, hata kama jibu litakuwa bado.

Kwa wafadhili: daftari ni bei ndogo. Kinachohitaji msaada wenu ni mbao za vilalo viwili vya watoto, na kitu kidogo cha kuwapa walimu watakaofundisha siku za kufidia. Wanamemba, mukija mkutanoni, kila mmoja aje na hesabu ya siku ambazo watoto wake hawakusoma mwaka huu. Tutaanza daftari na hizo.